Siku Mama Almasi Alipojua Anaota

Mtaani walimwita Mama Almasi, na wageni wengi walidhani ana mtoto wa jina hilo. Hana. Binti yake wa pekee ana jina jingine kabisa, na utani huo haumchekeshi hata kidogo. Almasi ni kile kikalamu cha kukatia vioo, chenye punje ya almasi kwenye ncha. Mama huyu alikichomeka nyuma ya sikio tangu asubuhi, akakisahau huko, akaenda nacho sokoni, akaenda nacho harusini, na mara moja akaenda nacho mpaka kwa daktari wa masikio, ambaye alikitoa kwa heshima na kukiweka mezani kabla ya kuanza kazi yake.

Alikuwa fundi vioo kwa miaka kumi na tisa. Yeye na mume wake walikuwa na karakana ya vyumba viwili kando ya barabara. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mume: mbao, randa, gundi, na vumbi la msumeno lililoingia mpaka kwenye chai. Humo alitengeneza fremu za madirisha. Chumba cha mbele kilikuwa cha mke: meza pana kama kitanda cha watu wawili, imefunikwa zulia kuukuu ili kioo kisikwaruzike, na ukutani rafu ndefu ambamo vioo vizima vilisimamishwa kwa ubavu kama vitabu.

Watu walipenda kusimama mlangoni kumtazama akikata. Alikipangusa kioo, akalaza rula, akashusha pumzi, kisha akaivuta almasi kutoka mwanzo wa kioo hadi mwisho, mara moja tu, bila kusita wala kurudia. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayechana kitambaa kipya taratibu. Halafu alikisogeza kioo mpaka ule mstari ukalingana na ukingo wa meza, akakigonga kidogo kwa chini, kikaachia. "Hakitaki nguvu," aliwaambia watazamaji. "Kinataka uamuzi."

Ajali ilitokea asubuhi, saa nne, siku ambayo haikuwa na haraka yoyote. Alikuwa anatoa kwenye rafu kioo kirefu kumpita yeye mwenyewe. Pembeni kilikuwa na ufa mdogo uliojificha chini ya karatasi ya kiwandani. Alipokiinua, alisikia tak. Basi. Hakusikia kishindo, wala hakujisikia akipiga kelele, ingawa mume wake alisema baadaye kwamba alipiga. Nusu ya juu iliteremka kama kisu, ikapita kwenye glavu ya mkono wa kushoto, na kidole cha mwisho kikaenda.

Kidonda kilipona ndani ya wiki saba. Usingizi haukupona.

Kila alipofumba macho, alijikuta karakanani, kioo kikubwa kikiwa mikononi. Alijua kitakachotokea lakini hakuweza kukiweka chini. Halafu ile tak. Hapo alishtuka, jasho jembamba likimtiririka mgongoni, mkono wa kushoto ameubana kwapani. Ilimjia hata mchana akijinyoosha kwenye kochi kwa dakika kumi. Baada ya muda ndoto ile ikaanza kumfuata akiwa macho. Alisimama mbele ya rafu, akanyoosha mkono, na mkono ukakataa. Akawa anakata vioo vya fremu za picha tu, visivyozidi ukubwa wa sahani. Vikubwa, mume wake aliviagiza kwenye bohari moja la mbali, vikaja vimekosewa nusu sentimita huku na nusu sentimita kule, akabaki anapunguza fremu ili zilingane na makosa ya watu wengine. Wateja nao wakaanza kupita barabarani wakitazama upande wa pili, kama watu waliokumbuka jambo ghafla.

Mume wake alikuwa mtu wa maneno machache kwa asili, na safari hii yale machache pia aliyameza.

Mwaka mzima ulipita hivyo, kisha wifi akahamia kwao. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mume, opereta wa simu hospitalini, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa vikombe kabatini. Alihamishiwa hospitali ya karibu, na nyumba aliyoahidiwa ilikuwa bado inapakwa rangi, kwa hiyo akapewa nusu ya chumba cha binti. Alifanya kazi usiku na kulala mchana.

Siku moja saa tisa alasiri, Mama Almasi akiwa jikoni anachambua mboga, wifi alitoka chumbani anatabasamu peke yake.

"Unacheka nini?" Mama Almasi aliuliza.

"Nimetoka kuimba. Uwanja mzima umejaa, watu wamesimama. Sauti yangu, wifi yangu, ungeisikia ungelia."

"Wewe? Wewe hata bafuni tunakuomba unyamaze."

"Ndiyo maana nikaenda kuimba huko." Wifi alivuta kiti akaketi. "Nilijua naota. Nikasema, haya, kwa kuwa hakuna wa kunizuia, acha niimbe."

Mama Almasi aliacha kuchambua. "Ulijua unaota, na ukaendelea kuota?"

"Ndiyo. Wewe hujawahi?"

Hakuwahi. Wifi alimweleza kwamba kwake ilianza kwa bahati mbaya, miaka ya mwanzo ya kazi ya zamu, usingizi wake ulipokuwa umekatika vipande vipande. Siku moja akiwa ndotoni anapokea simu, aliona simu yenyewe imetengenezwa kwa mkate, akajisemea, hapana, hii ni ndoto. Na hakuamka. Baadaye akatafuta kujua, akauliza madaktari wa pale kazini, akasoma, akagundua kwamba watu wengi wana jambo hilo, na kwamba mtu anaweza kujifunza.

"Si mambo ya mashetani haya?"

"Shetani gani anahangaika na mimi niimbe? Ni akili yako mwenyewe, imeamka kidogo wakati mwili umelala. Hakuna zaidi."

Mama Almasi aliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba mboga zitamsikia. "Na mtu hawezi kukwama huko ndani? Asirudi?"

"Umewahi kulala ukabanwa na haja ndogo ukashindwa kuamka?"

"Hapana."

"Basi huwezi kukwama."

Ndipo alipomsimulia ile ndoto ya kioo. Hakuwa amemsimulia mtu yeyote kwa ukamilifu, hata mume wake, kwa sababu aliona aibu, fundi mzima kuogopa kitu ambacho hakipo. Wifi alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, jambo ambalo lilikuwa nadra.

"Ndoto inayojirudia ni nzuri kwa mwanafunzi," alisema hatimaye. "Wengine wanahangaika wasijue waanzie wapi. Wewe unajua ukijikuta wapi ndipo ujiulize. Kalete daftari."

Somo la kwanza lilikuwa la kukumbuka. Daftari likae kando ya mto na kalamu ndani yake. Akiamka, asigeuke, asifikirie chai, asiite mtu; abaki vilevile alivyolala na kujiuliza, nilikuwa wapi sasa hivi? Chochote kitakachokuja, akiandike. Siku tatu za kwanza Mama Almasi aliandika, "Sikumbuki kitu." Siku ya nne aliandika, "Ndoo ya kijani." Wifi aliposoma alimpongeza kama mtu aliyefaulu mtihani wa taifa. Baada ya wiki mbili alikuwa anajaza kurasa, na akashangaa. Alidhani anaota kioo peke yake. Kumbe kulikuwa na ndoto nyingine nyingi: yumo kwenye gari moshi na mama yake, anafua shuka jekundu lisiloisha, anagombana na mwalimu wake wa darasa la tatu kuhusu kofia. Kioo kilikuwa kinapiga kelele tu kuliko wenzake.

Somo la pili lilikuwa la mchana. Wifi alikaa naye karakanani asubuhi moja baada ya zamu, macho mekundu, kikombe mkononi.

"Mara kumi kwa siku, jiulize, je, hapa naota? Na usijiulize kama kasuku. Uliza kama mtu ambaye kweli hajui. Halafu jipime. Ziba pua na midomo, jaribu kuvuta pumzi. Ukiwa macho haitapita. Ndotoni inapita. Au soma maandishi, angalia pembeni, soma tena. Ndotoni hayatulii, yanabadilika. Au hesabu vidole. Mtu akiwa macho ana kumi, ndotoni unakuta..."

Akakatiza. Alikuwa ameutazama mkono wa kushoto wa wifi yake uliokuwa juu ya zulia. Katika chumba cha nyuma, randa nayo ikanyamaza.

Mama Almasi aliuinua ule mkono, akaugeuza huku na huku. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. "Kwa hiyo mimi tisa ndiyo macho," alisema. "Nikihesabu kumi, nijue naota."

Wifi naye akalipuka, kikombe kikamwagika, na mume akatokeza kichwa mlangoni kuona kuna nini. Alimkuta mke wake akifuta machozi ya kicheko kwa mkono uleule ambao kwa mwaka mzima alikuwa anauficha kwenye khanga. Alirudi kwenye randa yake bila kuuliza.

Kuanzia hapo alihesabu. Alihesabu akifungua karakana, akipita mlangoni, akikabidhi fremu kwa mteja. Muuza viatu wa jirani alidhani anahesabu deni lake. Kabla ya kulala, alijiambia maneno ambayo wifi alimfundisha, polepole, akiyamaanisha: "Nikiota tena, nitajua kwamba naota." Na siku ya mapumziko, kwa kuwa ndoto ndefu huja mwishoni mwa usingizi, aliamka saa kumi na moja alfajiri, akaketi dakika ishirini akisoma daftari lake, kisha akarudi kulala. Wifi alimkataza kufanya hivyo kila siku. "Usingizi kwanza," alisema. "Hii ni nyongeza. Usije ukawa fundi wa ndoto ukasinzia juu ya almasi."

Wiki ya tano alifaulu, akaharibu. Alikuwa ndotoni dukani ananunua sabuni, akahesabu vidole kwa mazoea, akapata kumi na viwili. Furaha ilimpanda mpaka utosini. "Naota!" alisema, na palepale akaamka, kama mtu aliyekamata kuku akamwachia ili apige makofi.

"Ndivyo ilivyo kwa kila mtu," wifi alisema. "Ukijua, tulia. Sugua viganja. Gusa kitu kilicho karibu, kiangalie vizuri, kina baridi, kina mikwaruzo? Ndoto ikianza kufifia, sugua tena. Usikimbilie kuruka juu ya mapaa."

Wiki iliyofuata ikaja mbaya zaidi. Alirudi kulala ile alfajiri, akaamka akili ikiwa nzima na mwili ukiwa mgumu kama gogo. Hakuweza kuinua hata kope. Alihisi mtu amesimama mlangoni. Alipoachiliwa, baada ya muda aliouona kama saa nzima, alikwenda kukaa nje kwenye ngazi na kuapa kwamba ameachana na upuuzi huu.

Wifi alimkuta pale akirudi kutoka kazini.

"Mwili huwa unafungwa tukilala, ili tusitembee na ndoto zetu," alimwambia, akikaa kwenye ngazi ya chini yake. "Wewe uliamka kabla haujafunguliwa. Hata wasiojua lolote kuhusu haya, jambo hili linawapata. Haliui na halichukui muda. Likija tena, usishindane nalo. Vuta pumzi taratibu, cheza na kidole kimoja cha mguu. Na yule wa mlangoni hayupo."

"Na kama nataka kuacha?"

"Acha. Hakuna atakayekudai."

Mama Almasi aliinuka na kujipangusa khanga. "Sijasema naacha. Nimesema kama."

Hakuacha. Alipumzika wiki mbili, akalala kama watu wengine, kisha akaanza upya.

Ile siku yenyewe ilikuwa ya mapumziko. Mume alikuwa ametoka, binti alikuwa anafua, na jua lilikuwa limeshapanda dirishani. Mama Almasi alikuwa amerudi kulala baada ya zile dakika ishirini. Akajikuta karakanani.

Kioo kilikuwa mikononi, kirefu kumpita. Moyo ulikuwa unamdunda vilevile. Alijua kitakachotokea, na kwa mara ya kwanza ule ujuzi ukamkumbusha kitu. Akatazama mkono wake wa kushoto uliokishika kioo ubavuni. Akahesabu. Kidole cha mwisho kilikuwepo, na ukucha wake, na kovu dogo la utotoni alilokuwa amelisahau.

Kumi.

Safari hii hakupiga kelele. Hakuwa na nafasi ya kusugua viganja, kwa hiyo alikisugua kioo kwa vidole gumba, akasikia ubaridi wake. Akatazama zulia, likatulia. Akasikia randa ya mume wake chumba cha pili. Halafu tak, pembeni kule juu, na ufa ukaanza kushuka.

"Vunjika," alikiambia.

Kikavunjika. Vipande vilimwagika kichwani, mabegani, mikononi, vikamgonga kama punje za mahindi makavu na kusambaa sakafuni. Alisimama katikati yavyo, mzima. Akageukia rafu, akatoa kingine, akakiachia. Kikavunjika kwa kelele tamu kabisa. Akatoa kingine. Aliandika baadaye kwenye daftari kwamba alivunja vioo karibu arobaini, bidhaa yote ya mwaka, akicheka, na kwamba rafu ilikuwa haiishi. Wakati fulani mume wake alitokeza kichwa, akatazama sakafu, akasema, "Umebakiza kimoja," akarudi zake.

Kilikuwa kimebaki kimoja kweli. Hicho hakukivunja. Alikibeba peke yake, kikubwa vile, akakilaza mezani, akatoa almasi nyuma ya sikio na kuivuta kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaisikia ile sauti ya kitambaa kipya. Kioo kikaachia.

Alipoamka hakusogea, kama alivyofundishwa. Aliuangalia mkono uliokuwa juu ya shuka. Tisa. Alidhani atalia kwa ajili ya kile cha kumi, na kweli machozi yalikuja, lakini hayakuwa machungu. Kisha akaandika kurasa nne bila kuinua kalamu, akamwita binti yake aje asome, kwa sababu wifi alikuwa amelala na kumwamsha opereta wa zamu ni kutafuta vita.

Ndoto ile ilimrudia mara mbili tu baada ya hapo, na zote mbili aliitambua kabla ya tak. Mara ya tatu haikuja.

Lakini ndoto haikuufundisha mkono kazi. Hilo alilisema wazi kwa kila aliyemuuliza, maana mdomo wa wifi haukuwa na kufuli na habari zilikwishaenea mtaa mzima. Ndoto iliondoa hofu, na kazi ikabaki kazi. Alilazimika kujifunza kuishika rula upya, kwa sababu kidole cha mwisho ndicho kilichokuwa kinaibana isiteleze. Alichukua mabaki ya vioo, kila asubuhi kabla ya wateja, akajaribu kushika kwa kiganja, kwa ukingo wa kiganja, kwa kipande cha mpira alichogundisha chini ya rula. Huo mpira ndio ulioleta nafuu. Mistari ya kwanza ilipinda kama njia ya mbuzi. Ya mia moja ilinyooka.

Wakati huo watu walikuwa wanakuja na maswali. Mshonaji wa nguo alitaka kujua inachukua siku ngapi. "Mimi wiki kadhaa, mwingine siku mbili, mwingine miezi," alimjibu. Muuza viatu alisema yeye haoti kabisa. Mama Almasi akamwambia anaota, ila anaamka akiwa tayari anahesabu viatu, ndoto zinakimbia, anunue daftari. Bibi mmoja aliyefiwa aliuliza kama anaweza kuonana na mume wake. Hapo Mama Almasi alikaa naye muda mrefu. Alimwambia anaweza kukutana na mume anayemkumbuka, na kwamba hilo si jambo dogo, lakini asije akaanza kulala ili aishi huko. Bibi alisema hana mpango huo, kuku wake hawawezi kusubiri.

Kisha akaja mwalimu mkuu wa shule ya jirani. Walikuwa wamejenga maktaba, na ukuta unaotazama barabara ulihitaji madirisha manne, kila moja kioo kimoja kizima, mita mbili kwa mita moja na robo. Alitaka mwanga ufike mpaka meza za nyuma. Mume alipokea vipimo, akatoa simu ili apige bohari.

"Weka hiyo simu," Mama Almasi alisema.

Mume alimtazama.

"Waambie walete vioo vizima. Nitakata hapa."

"Vyote vinne?"

"Kuna mtu mwingine hapa anayekata vioo?"

Siku vilipoletwa, mume aliongeza mbao mbili mezani kwa sababu meza ilikuwa fupi. Yeye na wapakuaji wawili walikilaza cha kwanza juu ya zulia, Mama Almasi akiwa ameshika kona na glavu zake ngumu. Kabla ya kukishika alikikagua pembe zote nne, akibandua karatasi ya kiwandani na kupitisha taa. Hilo halikuwa woga, ilikuwa kazi. Watu walikuwa wamejaa mlangoni: mshonaji, muuza viatu, binti aliyetoka shule mapema, na wifi katika gauni la kulalia na koti juu, aliyekatiza usingizi wake kwa mara ya kwanza tangu ahamie.

Akavua glavu. Akahesabu vidole, wazi kabisa, bila kujificha, akapata tisa. Hapa hakuna kusema vunjika.

Akapangusa mstari kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Akalaza rula, akaikandamiza kwa kiganja. Akashusha pumzi na kuivuta almasi. Mita mbili ni ndefu kwa mkono wa mtu mfupi. Ilibidi atembee kando ya meza huku anachora, hatua tatu za pembeni, bila kukaza bega, bila kusita. Sauti ilitoka moja, kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna aliyekohoa.

Walikisogeza mpaka ukingoni. Akakigonga kwa chini mara tatu, akabonyeza. Kikaachia, safi, kama mkate uliokatwa ukiwa wa moto.

"Cha pili," alisema.

Mshonaji alianza kupiga makofi, Mama Almasi akamwinulia mkono asubiri. Kulikuwa na mistari minane ya kukata siku hiyo, na aliikata yote kabla ya saa kumi. Wa sita ulikuwa mgumu, bega lilikuwa limechoka. Alikaa, akanywa maji, akaukata. Baada ya wa nane aliichomeka almasi nyuma ya sikio na kumtazama mshonaji. "Sasa," alisema. Makofi yalisikika mpaka kituo cha mafuta.

Wifi alikuwa analia waziwazi. "Mwanafunzi wangu," alikuwa anamwambia kila mtu, hata wapakuaji. "Alianza na ndoo ya kijani."

Kufunga vioo shuleni kulichukua siku mbili. Cha nne kilipoingia kwenye fremu na kubanwa, jua la alasiri lilipita na kulala juu ya meza mpya mpaka zile za nyuma kabisa, kama mwalimu mkuu alivyotaka. Mwalimu alikwenda kuzigusa meza moja moja kwa kiganja, kama anayehakikisha kwamba mwanga umekauka.

Mama Almasi alibaki ndani akipangusa alama za vidole. Mume alikuwa nje anapangusa upande wake. Walikutana uso kwa uso, kioo katikati. Mume akasema kitu. Mama Almasi hakusikia, akamwonyesha sikio. Mume akarudia. Hakusikia tena. Akaweka kitambaa chini, akazunguka ukumbi mzima, akatoka mlangoni, akashuka ngazi na kumfuata.

"Ulisema nini?"

"Umeacha doa kule juu, pembeni."

Akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka barabarani ili aangalie vizuri. Akatafuta doa kwenye dirisha la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Halikuwepo popote. Kulikuwa na vioo vinne vizima vilivyonyooka, vimejaa anga, na watu waliokuwa wanapita walipunguza mwendo kuvitazama.

Aligeuka kumuuliza mume wake anamaanisha doa gani. Alikuwa amesimama kando yake, amekunja mikono, anatabasamu, naye akivitazama.